Lindo la Saa Kumi na Mbili

Mlinzi wa duka la Miyomboni, Iringa mjini, anaingia lindo saa kumi na mbili. Anatoka saa kumi na mbili. Ukimuuliza amekesha kwa saa ngapi, anajibu: kumi na mbili. Kiswahili kina utani wake. Saa ya kuingia, saa ya kutoka na urefu wa kazi yote vimepewa jina moja. Katikati yake kuna baridi ya Juni, koti zito la mtumba, chupa ya chai, na mshahara wa mwezi ambao huenda hakuna aliyewahi kuugawa ikajulikana kila saa inabeba shilingi ngapi.

Leo ugawanywe. Msikilizaji mwenye simu afungue kile kikokotoo cha ndani yake. Neno lenyewe, kikokotoo, limewachosha watumishi wa Tanzania tangu mjadala wa mafao ya kustaafu wa mwaka 2018, lakini hiki cha leo hakimkati mtu chochote. Namba ya kwanza kuandika ni 4.333. Hiyo ni wiki 52 za mwaka zikigawanywa kwa miezi 12, nayo imo katika Jedwali la Kwanza la Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Anayelipwa kwa mwezi akitaka thamani ya saa yake moja, achukue mshahara wa msingi, augawe kwa 4.333 mara idadi ya saa anazofanya kwa kawaida kila wiki. Ukomo wa saa za kawaida umewekwa na sheria hiyohiyo: siku 6 kwa wiki, saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki. Zidisha 45 kwa 4.333, jibu ni 194.985. Mkato wake ni 195.

Kwa hiyo mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 195,000 ana saa ya shilingi 1,000. Kiasi hicho kimechaguliwa hapa kwa sababu kinanyooka kwenye hesabu, si kwa sababu kinatosha kuishi. Kima cha chini cha kila sekta kimo katika amri ya mishahara, na amri ya karibuni imeanza kutumika Januari 2026; huko ndiko kwa kutazama kwanza. Mengine yanafuata yenyewe. Saa ya ziada, ile ambayo kazini huitwa ovataimu, hailipwi chini ya mara moja na nusu: 1,500. Saa ya siku ya mapumziko ya wiki, au ya sikukuu ya kitaifa, ni mara mbili: 2,000. Saa ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 alfajiri, huongezewa asilimia 5, nayo ni shilingi 50. Saa ya usiku ikiwa pia ni ya ziada, ile asilimia 5 hupigwa juu ya 1,500, kwa hiyo inakuwa shilingi 75. Mtu atasema shilingi 25 ya tofauti si kitu. Asubiri mwezi uishe.

Neno la kuchunga ni "msingi". Posho ya nyumba, nauli na chakula hazimo. Mwajiri anayemwahidi kijana 390,000, halafu mkataba ukaandikwa mshahara 260,000 na posho 130,000, ameshusha saa ya kijana huyo kutoka shilingi 2,000 hadi 1,333 kabla hajashika ufagio. Kijana alisaini akitazama jumla iliyo chini ya karatasi. Wengi hutazama hapo.

Duka ni hesabu rahisi, litangulie. Mwanjelwa, jijini Mbeya, tuseme mlango wa chuma unapandishwa saa 1 asubuhi na kushushwa saa 12 jioni. Hizo ni saa 11. Kifungu cha 23 kinataka anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60, na mwajiri halazimiki kuyalipia. Toa saa 1, zinabaki 10. Jumatatu hadi Jumamosi zinafika 60. Toa 45 za kawaida. Za ziada ni 15, sawa na shilingi 22,500 kwa wiki.

Lakini apite mtu Mwanjelwa saa 7 mchana aone hayo mapumziko yanavyopumzikwa. Mama lishe anapita na beseni la sahani zilizofunikwa. Msichana wa duka anapokea wali, maharage na tembele, anaweka juu ya kaunta kati ya kalkuleta na mashine ya risiti, anakula vijiko viwili, mteja anaingia. Anafunika sahani. Anapima mita tatu za kitambaa, anakata, anakunja, anatafuta chenji duka la pili. Akirudi, wali umepoa na mteja mwingine yuko mlangoni anauliza bei ya pazia asilotaka kununua.

Waliotunga sheria walimwona. Mwajiri anaweza kumtaka mtu afanye kazi wakati wa mapumziko pale tu kazi hiyo isipoweza kuachwa bila mtu wala kufanywa na mwingine. Na akimtaka afanye kazi, au hata akae tayari kwa kazi, saa hiyo ina malipo. Sahani iliyoliwa kaunta si mapumziko. Basi saa 10 zinarudi kuwa 11, wiki inakuwa saa 66, za ziada zinafika 21. Zimeongezeka saa 6 kwa wiki, ambazo ni shilingi 9,000, karibu 39,000 kwa mwezi. Huo ni wali wa bei ghali hata kwa Mwanjelwa.

Mwenye duka naye ana lake la kusema. Anafungua mwenyewe, anafunga mwenyewe, hana wa kumdai ovataimu, na kodi ya fremu haijui sikukuu. Dawa yake imo katika kifungu kilekile, tena haigharimu hata senti: asimame kaunta dakika 60, msichana aende akale. Zile saa 6 zimefutika. Anabakiwa na jambo la pili. Saa 15 za ziada kwa wiki ni 60 kwa wiki nne, na sheria inaruhusu 50 tu ndani ya wiki nne, tena kwa makubaliano, si kwa kuamriwa. Akipandisha mlango saa 1 na nusu badala ya saa 1, za ziada zinashuka hadi 12 kwa wiki, 48 kwa wiki nne, naye amekwisha kuwa ndani ya sheria. Nusu saa ya asubuhi, wakati ambapo Mwanjelwa wateja wa vitambaa bado wanakunywa chai nyumbani.

Mlinzi ndiye anayeumiza kichwa.

Lindo la saa 12 kwa usiku 6 ni saa 72. Lindoni hakuna wa kuachiwa geti, kwa hiyo ile saa ya kula inahesabika kama nyingine. Usiku 5 wa kwanza, kila usiku una saa 9 za kawaida na 3 za ziada. Ukiisha wa tano, zile saa 45 nazo zimeisha. Usiku wa sita, saa zote 12 ni za ziada. Jumla ni saa 27 za ziada kwa wiki, na kwa 1,500 zinaleta 40,500. Sasa zirudi zile shilingi 50 na 75 zilizodharauliwa. Katika usiku 5 wa kwanza, saa za kawaida zinazoangukia baada ya saa 2 usiku ni 7 kila usiku, jumla 35. Saa za ziada zilizo usiku ni 15 za siku hizo pamoja na 10 za usiku wa sita, jumla 25. Mafungu hayo mawili yanaleta shilingi 3,625. Kwa hiyo wiki moja ya lindo imezaa 44,125 juu ya mshahara. Zidisha kwa 4.333, mwezi unadai shilingi 191,194.

Mshahara wenyewe ulikuwa 195,000. Yaani mlinzi wa usiku 6 anayelipwa mshahara mtupu analipwa karibu nusu ya kazi yake.

Jibu linalosikika sana ni kwamba mshahara wa mlinzi ni wa jumla, ovataimu imo humohumo. Jibu hilo linapimika. Kama 195,000 ndiyo inayolipia saa za kawaida, za ziada na za usiku zote, basi ukirudisha hesabu nyuma saa moja ya msingi inakuwa karibu shilingi 505, na mshahara wa msingi wa mwezi unashuka hadi karibu 98,500. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilikuwa tayari imeweka 148,000 kwa walinzi wa kampuni ndogo. Aliyesema ovataimu imo ndani amekwepa shimo moja akatumbukia la pili.

Na hata shilingi zote 191,194 zikilipwa, bado wiki nne zina saa 108 za ziada mahali panaporuhusiwa 50. Ukomo haununuliwi. Kwa kazi za zamu ndefu sheria imefungua mlango mwingine: mwajiri na mfanyakazi wakikubaliana kwa maandishi, siku inaweza kufika saa 12 pamoja na muda wa mlo bila kuhesabiwa ovataimu, mradi wiki isizidi siku 5, saa 45 za kawaida na saa 10 za ziada. Kwa lugha ya lindoni, hiyo ni kama usiku 4, na wa tano kwa ovataimu. Geti moja lina usiku 7. Mlinzi wa usiku 6 anahitaji wa kumshikia usiku 1. Mlinzi wa usiku 4 anahitaji wa kumshikia 3. Hapo ndipo fedha ilipo. Ghala, shule au benki inayotaka ulinzi huuliza bei ya geti. Ni nadra kuuliza geti hilo lina watu wangapi nyuma yake. Zabuni huenda kwa aliyetaja bei ndogo, na bei ndogo hutoka mahali.

Sehemu moja sheria imemwelewa mlinzi kuliko anavyojielewa mwenyewe. Kwa maana ya saa za kazi, siku ni saa 24 zinazohesabiwa tangu mtu anapoanza kazi kwa kawaida, na wiki ni siku 7 zinazohesabiwa tangu siku anayoanza wiki yake ya kazi. Siku ya mlinzi huanza saa 12 jioni na haikatwi katikati saa 6 usiku. Wiki yake inaweza kuanza Alhamisi na mapumziko yake yakawa Jumatano. Hadai mara mbili kwa sababu ya Jumapili, anadai mara mbili kwa sababu ya siku yake. Waswahili wanaosema "usiku wa kuamkia Ijumaa" hawatashangaa. Kwao usiku umekuwa mali ya siku inayokuja tangu zamani. Kati ya kutoka na kurudi kazini sheria inataka saa 12 mfululizo za kupumzika, na kila wiki saa 24. Lindo la saa 12 huacha saa 12 kamili, dakika hata moja haizidi, na humo humo imo daladala ya kwenda na kurudi Ipogolo, kuoga, kuchota maji na kulala. Msimamizi akipiga simu saa 2 asubuhi, "rudi ushike lindo la mchana, mwenzio anaumwa," kilichokatwa ni usingizi wenye kifungu chake.

Si kila mwajiriwa yumo katika masharti haya ya saa. Anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri, na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, ametolewa. Ametolewa kwa kazi anayoifanya. Neno "supavaiza" lililochapwa mgongoni mwa fulana halitoshi.

Ukitoka Iringa kushika barabara ya Mafinga na kuingia Mufindi, saa inaacha kuwa kipimo. Kwenye mashamba ya chai kipimo ni kilo. Mchumaji wa Mufindi, kama mwenzake wa Rungwe kwenye vilima vya Tukuyu, amezoea kujua siku yake ilikuwaje kwa kusikia mizani imesema nini. Ndipo huzuka imani kwamba mtu wa kilo hana ovataimu wala sikukuu. Anavuna anachochuma, basi. Kifungu cha 26 hakiungi mkono imani hiyo. Asiyelipwa kwa muda huhesabiwa kama analipwa kwa wiki, na mshahara wake wa msingi wa wiki ni wastani wa alichopata katika wiki 13 zilizotangulia, au zile alizokaa kazini kama hazijafika 13. Tuseme wiki 13 zimempa 585,000. Wastani ni 45,000 kwa wiki. Zigawe kwa saa 45, huyo naye ana saa ya shilingi 1,000, na sikukuu yake ni 2,000 kwa saa.

Hizo wiki 13 zina ujanja wake, kwa kuwa chai ina msimu. Mvua zikishika, kichaka kinatoa majani mapya kwa kasi na vikapu vinajaa. Juni na Julai baridi ya Mufindi huubana mchai, kilo zinapungua. Anayefanya kazi siku ya Muungano, Aprili 26, au Mei Mosi, ana wiki 13 za mvua nyuma yake na wastani wake ni mnono. Anayefanya kazi Nane Nane, wiki 13 zilizo nyuma yake zimejaa ukungu na baridi. Mtu yuleyule, kichaka kilekile, sikukuu mbili zenye bei tofauti, na zote mbili zimehesabiwa sawasawa.

Kinachokosekana shambani ni daftari la saa. Tiketi ya mizani huandika kilo. Anayekaa kwenye mistari ya chai kwa muda wa saa 11 mwezi Julai ili apate kilo alizokuwa akizipata kwa saa 7 Machi, tiketi yake inaonyesha amefanya kazi ileile. Mama anayenyonyesha ameruhusiwa na sheria hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi, akamnyonyeshe mtoto. Kwenye mizani saa hizo 2 ni majani ambayo hayakuchumwa, kwa hiyo wapo wasiozichukua. Haki ya saa kwa mtu anayelipwa kwa uzito ni haki inayohitaji kalamu ya pili.

Nyanda za Juu Kusini zina kumbukumbu ya kale ya kuhesabiwa kwa kalamu ya mtu mwingine. Enzi ya Waingereza, vijana wa Njombe na wilaya jirani waliandikishwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kukusanya watu, SILABU. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikwenda na namba. Mfukoni mtu alikuwa na kadi iitwayo kipande, yenye nafasi za siku 30. Siku iliingia kwenye kadi pale mnyapara alipokubali kwamba ngwe imekwisha. Usipomaliza, jua limezama bure. Mshahara wa mwezi ulikuwa mshahara wa kadi iliyojaa, na kadi ya siku 30 ingeweza kula wiki sita za kalenda. Neno limebaki, hadi leo anayelipwa kwa kiasi cha kazi anaambiwa analipwa kwa kipande. Ukiiweka kadi ile kando ya 4.333, unaona jedwali la 2004 lilichofanya: limeutoa mwezi mikononi mwa mnyapara na kuurudisha kwenye kalenda.

Pengine ndiyo maana inashangaza kidogo kukumbuka Mei Mosi mbili zilizofuatana. Mwaka 2018 sherehe za kitaifa zilifanyika Iringa, Uwanja wa Samora. Mwaka 2019 zikahamia Mbeya, Uwanja wa Sokoine. Rais John Magufuli alihutubia zote mbili, na gumzo la majukwaani na la vijiweni lilikuwa moja: nyongeza ya mshahara ipo au haipo. Siku hiyo ilizaliwa kwa madai ya saa, si ya nyongeza; wafanyakazi wa Chicago waliogoma Mei 1886 walitaka siku ya kazi ya saa nane. Na walioikosa sherehe kwa sababu walikuwa kazini, yule wa pampu ya mafuta Uyole na yule wa mapokezi ya gesti Kihesa, walikuwa ndani ya saa zenye bei mara mbili. Wangapi walizidai ni habari nyingine.

Kwa majirani ukomo wa saa za wiki uko juu zaidi. Uganda sheria ya mwaka 2006 inasimama kwenye saa 48 kwa wiki, na Kenya amri ya jumla ya mishahara inafika 52. Mbeya na Iringa hazina sababu ya kuionea wivu Nairobi kwa hilo.

Barabarani hesabu ina matuta yake. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, kondakta wa Mbeya na Dar es Salaam ambaye zamani alilala Mbezi sasa anakesha kati ya Mikumi na Ilula, na ile asilimia 5 ya usiku imemfuata ndani ya basi. Kwa lori, swali la kudumu ni mlima Kitonga. Gari likikwama kwenye kona, foleni ikafungwa usiku kucha, saa 12 za siku zimepita na utingo bado ameshika jiwe la kuzuia tairi. Dharura ya namna hiyo sheria imeiona: ukomo wa saa 12 kwa siku na ule wa saa 50 kwa wiki nne unalegezwa kwa kazi isiyoweza kusubiri. Malipo ya mara moja na nusu hayakulegezwa. Tajiri anayesema "ilikuwa dharura" amejibu swali la kwa nini, hajajibu la shilingi ngapi.

Anayetaka kudai akumbuke namba nyingine: 60. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huijua kwa herufi zake tatu, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Tume ina ofisi Mbeya na Iringa. Kuachishwa kazi isivyo halali kuna siku 30 tu. Wengi hupoteza hapo, si kwenye hesabu: wanavumilia miaka mitatu ya lindo, wanaondolewa, kisha wanaamka na daftari la miaka mitatu wakati siku zilikwisha kuhesabiwa kimyakimya. Wanachama wa vyama vya wafanyakazi kama TUICO, au TPAWU kwa watu wa mashambani, wana pa kuuliza mapema. Asiye na chama ana afisa kazi.

Kuhusu ushahidi, sheria imemwegemea mnyonge kuliko wanavyodhani wengi. Mwajiri ndiye anayetakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, saa za kazi zikiwemo, na kutunza kumbukumbu hizo pamoja na za malipo kwa miaka 5. Kesi ikifika na maelezo hayo hayapo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Hata hivyo usuluhishi hufanyika mezani, mbele ya watu wenye haraka, na daftari la shule la mia nane lenye tarehe, saa ya kuingia na saa ya kutoka, lililoandikwa kila siku kwa peni tofauti na mkono uliochoka, huaminika haraka kuliko kauli ya "nimefanya ovataimu nyingi sana".

Inabaki Nane Nane, maana mabishano yake huzuka kila Agosti. Kwenye Viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, mabanda ya maonyesho yanahitaji walinzi usiku na mchana. Wachukuliwe walinzi wawili wa banda moja. Wa kwanza anaingia lindo jioni ya Agosti 7 na kutoka alfajiri ya Agosti 8. Wa pili anaingia jioni ya Agosti 8 na kutoka alfajiri ya tarehe 9. Ukifuata kalenda inayogeuka saa 6 usiku, kila mmoja ana saa 6 za sikukuu na, kwa saa ile ya shilingi 1,000 na bila kuhesabu ovataimu, kila mmoja anaongezewa shilingi 6,000. Ukifuata ile siku ya sheria ya saa za kazi, inayoanza zamu inapoanza, wa pili anabeba saa zote 12, shilingi 12,000, na wa kwanza hana kitu. Mwajiri hapotezi kwa njia yoyote. Jumla yake ni ileile. Walinzi wenyewe ndio wanaobishana, wa kwanza akishika saa 6 usiku, wa pili akishika saa ya kuingia zamu, na msimamizi akifungua daftari la lindo kuamua, anakuta mistari miwili inayofanana: kuingia saa 12, kutoka saa 12.